Maji ya Lenzi

Daktari hakuanza na jicho. Nilikuwa nimeshaweka kidevu kwenye ile mashine yao, leso imelowa machozi, jicho la kulia limevimba kama lililoumwa na nyigu, naye ananiuliza kikebe cha lenzi zangu za kuvaa jichoni kiko wapi. Nikakitoa mkobani. Akavaa glavu, akafungua kifuniko chenye herufi R, akapitisha kijiti cha pamba ndani, akakiinua kwenye taa ili nikione kwa jicho langu la kushoto. Pamba ilitoka na kitu laini, cha kijivu, kama kamasi.

"Huu ndio uliokuwa ukiuvaa kila asubuhi, dada."

Aliyelelewa kwenye nyumba yenye mtungi anaujua utando ule. Mtungi usiposuguliwa wiki mbili, ukipitisha kiganja ndani unateleza. Maji yenyewe yanang'aa, unayachota na unayanywa. Waswahili wanasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kikebe changu kilikuwa bahari hasa.

Mimi ni mtu wa Pangani, naishi Dar, ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Macho yangu ni minus tano na nusu yote mawili. Bila kusaidiwa, mtu akisimama hatua tatu mbele yangu namjua kwa sauti. Nimevaa miwani tangu darasa la sita, miwani ya vioo vinene, na shule nzima ilinijua kwa jina la Bi Chupa. Lenzi nilianza 2015. Siku ya kwanza nilitoka duka la miwani nikasimama chini ya mwarobaini kama mwehu, nahesabu majani. Nani angenirudisha kwenye miwani? Kwa sisi tunaovaa mtandio, mikono ya miwani inakandamizwa juu ya masikio mpaka jioni kichwa kinagonga. Ukitoka kwenye kiyoyozi kuingia joto la Dar, vioo vinaingia ukungu, mteja amesimama na mfuko wa saruji begani, wewe unapangusa.

Nilifundishwa, sitasema sikufundishwa. Nawa mikono kwa sabuni, kausha. Isugue lenzi kiganjani kwa maji yake. Mwaga maji ya jana, tia mapya. Usilale nazo. Mwezi ukiisha, tupa. Mwaka wa kwanza nilizifuata sheria hizo kama mwanafunzi wa madrasa. Halafu kidogo kidogo zikaanza kulegea. Lenzi za mwezi nikazivaa miezi miwili, kisha mitatu, maana boksi lilikuwa linapanda bei na macho hayakulalamika. Maji ya jana nikaacha kuyamwaga. Nilikuwa naongeza kidogo juu yake, kama tunavyoongeza maji kwenye chai iliyobaki birikani. Kusugua nikaacha kabisa.

Na hapa nina ugomvi na lugha. Kile kimiminika cha kwenye chupa, ambacho kina dawa ya kuua vijidudu, sote tunakiita "maji ya lenzi". Dukani wanakiita hivyo, mimi nakiita hivyo, dada yangu akienda mjini namwagiza hivyo. Ukiita kitu maji kwa miaka minane, siku kikikosekana akili yako itakwambia nini? Tafuta maji.

Kilikosekana Pangani. Agosti ya mwaka juzi tulikuwa na harusi ya binamu. Niliondoka Dar Alhamisi asubuhi, na chupa niliiacha kwenye beseni la bafuni. Nikafanya nililoona la maana: nikachemsha maji ya kisimani, nikatia chumvi kijiko cha chai, nikayapoza, nikajaza kikebe. Nilijisifu kwa kukumbuka kuyachemsha. Siku tatu zile nilitawadha na lenzi machoni, mara tano kwa siku, kwa maji ya pipa yaliyotoka kisima hicho hicho. Usiku wa kupeleka mahari, sijui wa nini, zilichanganyika ngoma na pilau, nililala nazo. Usiku wa harusi pia. Jumapili kwenye basi nikasinzia nazo kutoka Muheza mpaka Chalinze.

Jumatatu niliamka najihisi kama nina mchanga jichoni. Nikadhani vumbi la saruji, maana pale dukani halikosekani. Kufika saa nne asubuhi siwezi kutazama mlango, mwanga unachoma. Nikaenda duka la dawa, kijana akatazama kidogo tu, akanipa matone. Kesho yake wekundu ukapungua, nikamshukuru moyoni. Baadaye nilijua kwa nini ulipungua: ndani ya dawa ile kulikuwa na steroidi. Steroidi inatuliza mwili usipigane. Jicho linaonekana limetulia, kumbe wanajeshi wameambiwa waweke silaha chini na adui bado yumo. Chupa ilikuwa imeandikwa, ningesoma. Ila ndiyo nilikuwa sioni.

Jumatano usiku maumivu yakarudi na ndugu zake. Nilimpigia shangazi, "Shikamoo shangazi, jicho linaniua." Akaitikia marahaba, akaniambia nitafute mama anayenyonyesha hapo mtaani, anikamulie matone mawili, dawa ya macho tangu enzi na enzi. Nampenda shangazi yangu, na siku hiyo ningekubali chochote, ila jirani mwenye kichanga alikuwa amesafiri. Alhamisi asubuhi nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Juu ya weusi wa jicho, chini kidogo upande wa pua, kulikuwa na doa jeupe. Dogo, kama punje ya uwele. Nikaondoka kwenda hospitali na kanga ya kulalia ndani ya baibui.

Walinitia matone ya ganzi, kisha wakagusisha kikaratasi chenye rangi ya chungwa. Taa ya buluu ikawashwa. Rangi ile ikigusa sehemu iliyochubuka inang'aa kijani, na daktari akaniambia punje yangu ya uwele inawaka kama kimulimuli. Kidonda cha konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Halafu akafanya jambo ambalo hadi leo nikilifikiria magoti yanalegea: akachukua kisu kidogo akakikwangua. Huhisi maumivu, lakini unakiona kinakuja. Makwanguo yakapakwa kwenye vioo, kijiti cha kikebe nacho kikaenda maabara pamoja na lenzi zenyewe. Jumatatu majibu yalitoka, na jina lilikuwa moja kwenye jicho na kwenye kikebe: bakteria Pseudomonas aeruginosa. Anapenda maji, daktari alisema. Yumo kwenye masinki, mapipa, mabomba, hana shida na mtu mpaka apewe mlango. Akiingia konea anaweza kuitoboa ndani ya siku mbili tatu.

Mlango niliufungua mwenyewe, miaka minane, na hili ndilo nililotaka kulieleza tangu mwanzo.

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, kinachofunika sehemu yenye rangi. Katikati unene wake ni kama nusu milimita. Haina mshipa hata mmoja wa damu; ingekuwa nayo, tungeitazama dunia kupitia nyuzi nyekundu. Sasa kiungo kisicho na damu kinapumuaje? Konea inachukua oksijeni hewani moja kwa moja, ikishayeyuka kwenye machozi. Ukilala na kope zimefumba, inajikimu kwa kile kidogo kinachotoka kwenye mishipa ya upande wa ndani wa kope. Ndiyo maana kila binadamu, hata asiyejua lenzi ni nini, huamka konea imevimba kama asilimia tatu au nne, kisha ikanywea baada ya kufumbua macho. Daktari alinieleza haya huku amefunika kikombe chake cha chai kwa kiganja. Lenzi ni kifuniko, alisema. Kope ni kifuniko. Wewe uliweka kifuniko juu ya kifuniko, ukalala.

Lenzi zimebadilika, hilo lazima tuseme. Zile za kwanza, za mwaka 1888, zilikuwa za kioo, zilifunika mpaka weupe wa jicho, na mtu alizivumilia saa chache tu. Lenzi laini tunazozijua zilitokana na kazi ya mkemia wa Prague, Otto Wichterle, ambaye Krismasi ya 1961 alizitengeneza nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya mchezo wa watoto na dinamo ya baiskeli. Fundi vyuma wa Gerezani, pale Dar, angemwelewa vizuri. Mwaka 1999 zikaja za silikoni haidrojeli, zinazopitisha hewa mara nyingi zaidi ya zile za awali, na watu wakadhani mambo yamekwisha: hewa inapita, lala nazo utakavyo. Madonda hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Hewa ni sehemu tu ya hadithi.

Sehemu nyingine ni machozi. Mimi nilikuwa nikidhani machozi ni ya kulia tu. Kumbe kila ukipepesa, kope zinapiga deki: machozi yana chembe zinazoua bakteria, na yanasomba uchafu kuupeleka kwenye kona ya jicho. Chini ya lenzi laini machozi hayazunguki vizuri. Yanatuama. Ngozi ya juu ya konea, yenye safu tano mpaka saba za seli na inayojifanya upya kwa wiki moja hivi, inachoka, inapata michubuko isiyoonekana. Bakteria ambaye kwenye jicho tupu angesombwa kwa kupepesa mara moja, anakuta godoro la kujilaza na paa juu yake. Utando wa kikebe ndio nyumba yake. Akiwa ndani ya utelezi ule, hata maji halali ya lenzi humfikia kwa shida. Kwa hiyo kile kitendo cha kusugua, nilichokiacha kwa uvivu wa sekunde ishirini, ndicho kinachobomoa nyumba.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1989 ambao daktari aliutaja kwa kichwa na mimi nikaja kuutafuta. Kwa wanaovaa lenzi laini mchana na kuzivua usiku, madonda ya konea yalikuwa kama 4 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka. Kwa wale wenye lenzi za kulala nazo, karibu 21. Mnaovaa na kuvua, tulieni basi. Nne kwenye elfu kumi ni wachache. Mimi nilikuwa nimejihamishia foleni ya pili.

Alinionyesha na mengine ambayo hayakuanza Pangani. Kwenye ukingo wa konea, mishipa myembamba ya damu ilikuwa imeanza kutambaa kuingia ndani, macho yote mawili, hata lile zima. Konea ikikosa hewa muda mrefu, mwili unajaribu kuipelekea damu, kama watu wanaochimba mtaro kwenda shamba kavu. Miezi kadhaa baadaye walinipiga picha ya upande wa ndani kabisa wa konea, kwenye safu moja ya seli inayofanya kazi ya pampu, inayotoa maji usiku na mchana ili kioo kisifanye ukungu. Zilitakiwa kufanana na sega la nyuki, vyumba sawasawa. Langu lilikuwa na vyumba vikubwa na vidogo vimechanganyika. Seli hizo kwa binadamu zikifa hazizaliwi nyingine. Za jirani zinatanuka kuziba pengo. Nilikuwa na miaka thelathini na sita.

Matibabu yenyewe nitayapitia haraka, maana hayana utamu. Matone ya aina mbili, kila saa moja, mchana na usiku. Dada yangu alihamia kwangu na simu yake yenye kengele ya jogoo. Saa nane ya usiku jogoo anawika, dada anaamka, ananifungua jicho kwa vidole viwili, anatia, anasubiri dakika tano, anatia ya pili, analala. Siku ya nne tulikuwa tunagombana usingizini bila kuamka. Wiki ya pili matone yakawa kila saa mbili, kisha nne, na kidonda kikafunga.

Kiliacha kovu. Bahati yangu halikukaa katikati kabisa. Kwa miwani mipya jicho la kulia linasoma mpaka 6/12, yaani kile ambacho jicho zima hukisoma kwa mita kumi na mbili mimi nakisoma kwa mita sita, halivuki hapo, na usiku kila taa ya bodaboda inakuja na ndevu. Kichekesho ni kwamba daktari anasema kinachoweza kunirudishia mistari miwili ya lile bango la herufi la kupimia macho ni lenzi. Lenzi ngumu safari hii, ile ndogo inayopitisha hewa, maana kovu limefanya uso wa konea kuwa na mabonde, na lenzi ngumu inaweka uso mpya laini juu yake, machozi yakajaza mabonde. Wenye konea zilizochongoka, ambao huku kwetu si wachache, hasa waliokuwa wakisugua macho kwa mzio tangu utotoni, wanaishi kwa lenzi hizo. Sijaamua. Nikishika kikebe mkono unatetemeka.

Aliniambia pia nishukuru kwamba alikuwa bakteria. Kuna amiba, akanthamiba kwa jina, anayekaa kwenye maji ya bomba na visima, ambaye akibanwa anajifungia ndani ya gamba na dawa hazimpati upesi. Matibabu yake huenda miezi, wakati mwingine mwaka. Maji ya chumvi ya kujitengenezea nyumbani ni moja ya njia zake maarufu. Nilimwambia niliyachemsha. Akauliza: na kijiko ulikichemsha? Na chumvi? Na kikebe?

Kilichonisumbua kuliko vyote ni udhu. Maji yale ya kisima ni tohara, yaani safi kwa ibada. Nimefundishwa hivyo na mama yangu na mwalimu wangu wa madrasa, na ni kweli: ya kisima, ya mvua, ya bahari, tohara. Kichwani mwangu neno hilo lilikuwa limemeza maana nyingine zote, nikaona maji yanayofaa kusimamia mbele ya Mungu yatashindwaje kufaa kijiplastiki. Nilimuuliza ustadhi mmoja mtaani kwetu, mzee mpole, akacheka kidogo. "Mwanangu, nani alikwambia ndani ya jicho ni pa kuosha? Uso unaoshwa, jicho unalifumba." Na akaongeza kwamba tohara ni hukumu ya ibada, vijidudu ni habari ya daktari, kila mmoja aulizwe lake. Siku hizi dukani navaa miwani. Lenzi za siku moja, za kutupa jioni, nazivaa kwa shughuli maalumu tu, jicho la kushoto peke yake, baada ya kutawadha. Nikitawadha tena nafumba kwa nguvu mpaka mikunjo inatoka, na sifungui mpaka nipanguse kwa taulo.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi nyingine, ya binti wa dada, huyo huyo wa jogoo. Nikakuta mpambaji yuko chumbani na sanduku lake, poda, wanja, kope za bandia, na kikebe cha lenzi za rangi ya kijivu. Bibi harusi alikuwa anazitaka, ameziona kwenye simu. Nikauliza zimevaliwa na nani kabla. Maharusi wawili tu, anti, na zote zilisafishwa. Zilisafishwa kwa kitu gani? Kwa maji ya lenzi, anti.

Nikamwomba anionyeshe. Akatoa chupa ya nusu lita ya maji ya kunywa, imebaki robo, imezungushiwa plasta, na juu ya plasta imeandikwa kwa peni ya buluu, herufi kubwa: MAJI YA LENZI.

Bibi harusi alininunia mpaka shela ilipofungwa.